Mkono Usiopakwa Mafuta

Katika kambi za askari, mama hutambuliwa kwa ngozi ya watoto wake. Mtoto atokaye nyumbani asubuhi akiwa na mikono iliyopauka humletea mamaye aibu mbele ya majirani wote waliojipanga bombani. Ndiyo sababu mke wa sajini mmoja wa polisi, akaaye katika kambi mojawapo ya mjini Kampala, hakukubali upesi alipoambiwa kwamba sehemu ya mkono wa bintiye isipakwe mafuta.

Binti huyo ana miaka tisa, naye anaugua kisukari cha aina ya kwanza. Hudungwa insulini kila siku, na kwa muda mrefu alichomwa kidole mara nne au tano kwa siku ili damu yake ipimwe. Kisha shangazi yake, aliye muuguzi huko Uingereza, akaanza kumpelekea vihisi kwa mikono ya wasafiri, viwili viwili. Kihisi ni kidude cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko sarafu, kibandikwacho kwa gundi nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Chini yake mna uzi mwembamba wa milimita 5 hivi uingiao ngozini na kupima sukari iliyomo katika majimaji ya mwili. Kwa kuwa haupimi damu yenyewe, kipimo chake huchelewa kwa dakika chache. Vihisi vya ukoo huu vilitokea Ulaya mwaka 2014, na baadaye vikaongezewa kengele, hata sukari ikishuka mno usiku simu hulia.

Kimoja hudumu siku 14. Lakini kikishabanduka hakirudishwi tena, na siku zilizosalia zimepotea.

"Mafuta kidogo yatadhuru nini?" aliuliza mama, akampaka mtoto kama kawaida, kisha akabandika. Nyumba yao ni ya bati, na mchana joto lake si la kusimulia. Mafuta na jasho vilifanya kazi yao polepole. Usiku wa tatu, sajini akiwa zamu ya lindo, kihisi kilijibandua ndani ya blanketi. Simu ingeweza kulia kwa kupoteza mawasiliano, lakini kengele hiyo walikuwa wameizima kwa kuwa iliwasumbua kila simu ilipotolewa nje. Mama aliuona ukimya kuwa ni habari njema, akalala.

Saa tisa za usiku aliamshwa na mtoto aliyekuwa akigugumia, mwili umelowa jasho baridi, hajui yuko wapi. Alimchoma kidole: 2.6, na kiasi kisichopaswa kushukiwa ni 3.9. Kwa bahati mtoto aliweza kumeza. Mama alimnywesha maji ya sukari, akampima tena baada ya dakika 15, kisha akaketi naye hadi baba aliporudi alfajiri. Kihisi kilikuwa kimeshikamana na blanketi, imara kabisa.

Tangu hapo kubandika kumekuwa kama gwaride. Mkono huoshwa kwa sabuni isiyo na mafuta, hupanguswa kwa spiriti, na husubiriwa ukauke wenyewe. Mtu asiupulizie, maana pumzi nayo ina unyevu. Kikishabandikwa, ukingo wote hugandamizwa kwa kidole. Juu yake huwekwa plasta iliyokatwa katikati, ili kitundu kidogo cha kihisi kisizibwe. Nguo huvaliwa kwa kuanzia mkono ule na kuvuliwa kwa kumalizia nao. Taulo hugusishwa tu, haisugui. Mfuko wa shule umehamia bega la pili. Kilichowashinda kwa muda ni mlango: mtoto alizoea kupita mbio, na fremu ya mlango ni adui mkubwa kuliko maji. Sajini aliifunga kitambaa kinene pande zote mbili, jambo lililowachekesha jirani zake kwa juma zima.

Kulala juu ya kihisi pia si vyema, kwani mgandamizo hukifanya kitoe kipimo cha chini kisicho cha kweli. Kwa hiyo kipimo kisipolingana na hali ya mtoto, kidole huchomwa kama zamani. Ile kengele ya mawasiliano nayo imewashwa, isumbue itakavyosumbua.

Asubuhi mama humpaka mtoto mafuta miguuni, usoni na mkono mmoja mzima. Ule mwingine huishia kiwikoni. Majirani waliuliza, wakajibiwa, wakachoka.

Siku ya 14 gundi huwa imeng'ang'ania mno, na kuivuta kavu huchubua ngozi. Kilainishi chake ni mafuta. Jioni hiyo mama hutoa kopo lake, huyapitisha taratibu kwenye ukingo wa plasta hadi kidude kinaachia, kisha huendelea kumpaka binti mikono yote miwili mpaka ing'ae. Kipya hubandikwa mkono wa pili kesho yake asubuhi, na usiku mmoja huo vidole huchomwa.