Mtoto Akinyamaza

Huku kwetu Masasi na Newala mvulana hufundishwa jandoni kuvumilia bila kulia. Kanisa nalo limo: Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926, alianzisha jando la Kikristo. Silaumu. Lakini kidonda cha jando hupona, na maumivu ya saratani hayamfunzi mtoto lolote.

Nikitembelea wagonjwa Newala nilimkuta mvulana mwenye uvimbe tayani. Halii. Bibi yake akajivuna, “Huyu mwanamume.” Muuguzi hakudanganyika. Alitazama anavyolala, anavyousukuma uji, asivyotaka kucheza. Akampimia mofini ya maji, ya kunywa, kila baada ya saa nne, hata usiku, bila kungoja maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo.

“Si atazoea kama bangi?” bibi akauliza.

“Bibi, anayepimiwa dawa kwa sababu ya maumivu si mlevi.”

Nikaombwa kusali. Nilisali kwa kifupi, wapendwa, maana saa ya dawa ilikuwa imefika.

Siku ya tatu mvulana alinishika mkono. “Babu, usiku iliniuma. Hapa.” Nikamwita muuguzi.