Tiketi Inaisha Gari Likizima

Wasee, hizi basi za usiku za Busia na Malaba kwenda Nairobi zikifika salama, hakuna mtu anauliza kitu. Zikikwama je?

Novemba yetu ilizima karibu na Bumala, saa tano usiku. Kondakta akasema "dakika kumi tu," akashuka, simu ikazimwa. Malori ya Uganda yanapita, giza totoro. Kulikuwa na mama na mtoto wake, kliniki Kenyatta saa mbili asubuhi. Saa tisa matatu ya Kisumu ikasimama, tukamchangia nauli. Sisi abiria, si kampuni.

Ofisini tukaambiwa tiketi imeandikwa pesa hairudishwi. Kwani hiyo ni sheria ya nani? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma bora, na fidia akipata hasara. Aliyechapa tiketi anajua tu hatujakisoma.

Samahani yao sitaki. Leteni basi ingine, ama rudisheni pesa kwa M-Pesa usiku huo huo. Kuipokea huwachukua sekunde ngapi?

Yule mama alinitumia meseji: kliniki imesongeshwa hadi mwezi wa tatu.