Nilimwaga Maji Nikadhani Nimesafisha

Kosa langu ni hili. Kwa muda mrefu nilisukuma kwa maji kinyesi cha mbwa wa jirani hadi kwenye mchanga wanakochezea watoto wa kipangu chetu, na mwenye mbwa sikumwambia neno. Mtoto wa watu akaugua. Waliostahili kuombwa radhi nimewaomba, nao wamenisamehe. Naandika kwa sababu vipangu kama chetu ni vingi Bujumbura, na katika vingi yumo mtu mwenye ndoo mkononi anayeamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba anawatendea wenzake wema.

Tunakaa Asiatique, upande wa bandarini. Kipangu chetu hakina tofauti na vingine: geti moja, vyumba vya kupanga pande mbili, bomba moja la maji, kamba za kuanikia nguo, na ua wa sementi unaoishia kwenye kipande cha mchanga huko nyuma, kando ya mfereji. Wengi wetu riziki inatoka ziwani. Yupo mzee mchukuzi, anayepakua magunia kutoka kwenye meli zinazotoka Kigoma na Mpulungu. Yupo mama anayechukua ndagala kwa wavuvi na kwenda kuziuza sokoni. Mimi ni karani, nahangaika na karatasi za mizigo. Hatuna undugu wa damu, lakini hapa mwenye msiba hakosi mtu wa kumchemshia chai.

Mbwa ni wa mzee mchukuzi. Alimleta baada ya wezi kuruka ukuta usiku na kuondoka na pikipiki ya mpangaji mmoja. Tulimshukuru sote. Mchana mbwa anafungwa, usiku anaachiwa alinde, na alfajiri unakuta alichokiacha: leo karibu na bomba, kesho chini ya kamba za nguo, keshokutwa katikati ya njia ya kwenda getini.

Mimi naamka mapema kwa ajili ya sala ya alfajiri, na njia yangu ya msikitini inapita hapo uani. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafii tunajua kwamba najasa ya mbwa ni nzito, na ikikupata unaiosha mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa hiyo sikutaka kuikanyaga, wala sikutaka mtu mwingine aikanyage. Nikawa nachota ndoo ya maji, namwaga kwa nguvu, nasukuma kwa ufagio hadi nyuma kwenye mfereji. Kinyesi kikikwama mchangani naongeza ndoo nyingine mpaka kisionekane. Jua likichomoza, ua ni safi. Akina mama wakinisifu. Nilipenda kusifiwa.

Mwenye mbwa sikumwambia. Sababu nilikuwa nazo, na kila moja ilionekana nzuri. Ni mtu mzima kwangu. Baba yangu alipofariki, yeye alitangulia kufika, akabeba maturubai na kulala nje pamoja na waombolezaji. Mtu wa namna hiyo unamwendeaje na habari ya kinyesi? Nikajiambia kwamba uungwana ni kunyamaza. Ila kwa watu wengine sikunyamaza. Jioni, tukikaa barazani, nililalamika sana juu ya mbwa yule na juu ya mwenyewe asiyejali. Huo haukuwa uungwana. Nilikuwa namsengenya jirani yangu, na aliyepaswa kuyasikia maneno yale ndiye pekee aliyekuwa hayasikii.

Halafu ukaja mwaka 2024. Ziwa Tanganyika lilijaa hadi maji yakaingia eneo la bandari, na Gatumba watu wakahama nyumba zao. Kwetu maji ya ziwa hayakufika, lakini masika yalikuwa mazito na mfereji wetu ukawa hauendi. Maji yanasimama, yanarudi, yanatuama kwenye ule mchanga, na mchanga unabaki na unyevu hata siku za jua. Watoto wakaupenda zaidi, maana pana kivuli cha mwembe, pana ubaridi, na mchanga mbichi unajengeka nyumba. Wanacheza peku. Mimi sikubadilisha kitu. Kila alfajiri ndoo, ufagio, nyuma.

Mtoto wa mama wa ndagala alianza kujikuna mguu. Mama yake akanionyesha, nikaona uwekundu kati ya vidole, na kwa kujiamini kabisa nikamwambia, "Dada, hiyo fangasi tu, mpake dawa." Akanunua mafuta ya kupaka. Mtoto akazidi kujikuna, usiku halali, mama naye halali. Uwekundu ukageuka mstari mwembamba ulioinuka juu ya ngozi, ukapinda kuelekea kwenye unyayo. Hapo nikawasindikiza kituo cha afya, kwa kuwa nina usafiri.

Muuguzi aliushika ule mguu akauangalia kwa muda. Alichukua kalamu ya wino, akaweka nukta mahali mstari ulipoishia, akatuambia turudi kesho yake. Tuliporudi, mstari ulikuwa umeivuka nukta. Ulikuwa umesogea upana wa kidole, umejikunja mara mbili kama uzi ulioanguka. Akasema, "Humu mna kibuu cha minyoo ya mbwa, kinatembea chini ya ngozi." Kisha akamuuliza mama, "Huyu mtoto anachezea wapi?"

Mama akajibu, "Nyumbani tu, pale nyuma, kwenye mchanga wa mfereji."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Mama yule hakunitazama, hakuwa na sababu ya kunitazama, kwa sababu kwake mimi nilikuwa mtu wa msaada, mwenye gari, niliyeacha kazi yangu kumsindikiza. Lakini mimi niliuona ule mchanga waziwazi, na nikajiona ninavyousukumia najasa kila alfajiri, na ninavyomwagia maji mpaka inazama. Mahali pale palikuwa pachafu kwa mikono yangu. Mbwa alijisaidia juu ya sementi kavu, ambako jua lingekausha na mtu angeweza kuzoa. Aliyeipeleka kwenye unyevu na kivuli ni mimi.

Muuguzi alitueleza jinsi jambo lenyewe linavyokwenda, na tangu siku hiyo nimeuliza na kusoma zaidi. Mbwa mwenye minyoo ya safura anatoa mayai yake katika kinyesi. Yakianguka penye joto, unyevu na kivuli, yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya siku tano hadi kumi vibuu viko tayari kupenya ngozi. Mguu mtupu au makalio ya mtoto aliyekaa chini vinatosha. Ukavu na jua kali huviua. Mwilini mwa binadamu kibuu hakiwezi kukomaa, kwa hiyo kinazunguka chini ya ngozi kikiwasha mpaka kife au mgonjwa apewe dawa. Ipo na minyoo mingine ya mbwa, ile ya mviringo, ambayo mayai yake hukaa udongoni kwa majuma kadhaa kabla ya kuwa na madhara, kisha yanadumu humo hata miaka. Mtoto akiyala kwa mikono michafu, vibuu vinaweza kufika kwenye ini, mapafu, hata jicho. Kwa hiyo kinyesi kisichoonekana tena kinaweza kuwa na hatari zaidi kuliko cha jana kinachoonekana.

Linalonichoma zaidi ni kwamba nusu ya elimu hii nilikuwa nayo tangu utotoni. Chuoni mwalimu alitufundisha kwamba najasa yenye umbo uiondoe kwanza yenyewe, ndipo uoshe mahali pake. Kumwagia maji najasa ambayo bado ipo ni kuitawanya. Niliijua hukumu hiyo kwa nguo na kwa mkeka wa kusalia. Kwa ua wa jirani zangu sikuikumbuka.

Jioni hiyo nilikwenda kwa mama wa ndagala nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, ulikuwa hujui." Ni kweli sikujua habari ya minyoo. Lakini nilijua ninakisukumia wapi, na nilijua watoto wanacheza wapi. Nikamwambia hivyo.

Kwa mzee mchukuzi nilikwenda baadaye, na huko ndiko kulikokuwa kugumu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mwanangu, mbwa wangu anachafua uani?" Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Yeye anatoka kwake usiku wa manane, awahi kupangwa kwenye kazi ya kupakua, na anarudi jua limezama. Kila alipouona ua kwa mwanga wa siku ulikuwa safi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshafuta kila alama. Akadhani mbwa anatoka nje kupitia pengo la ukuta. "Mlijua nyote," akasema, "mimi peke yangu ndiye sikujua." Sikuwa na jibu. Nilimwita asiyejali mbele za watu, na kumbe nilikuwa nimemnyima kitu cha kujali.

Hasara ilikuwa hivi. Mtoto alipewa vidonge vya albendazoli akapona, lakini alikuwa ameshakosa usingizi kwa majuma, na kwa kujikuna unyayo ulikuwa na vidonda vilivyochelewa kufunga. Mama yake alikosa soko katika siku za giza, ambazo taa za wavuvi huvuta ndagala kwa wingi, na ndagala alizokuwa amechukua kwa mali kauli zikaharibika. Deni lake ilibidi tumsaidie kulipa. Watoto wengine wawili wa kipangu walikutwa na hali hiyo hiyo, ingawa ndogo. Na mzee mchukuzi kwa muda hakukaa nasi barazani. Alikuwa na haki.

Siku hizi tunafanya hivi. Beleshi na ndoo kuukuu ya jivu vinakaa karibu na geti. Kinyesi kinazolewa kikavu, kinanyunyiziwa jivu kisinuke, kinafukiwa kwenye shimo refu mbali na mfereji, na mbali na kijibustani cha lengalenga. Baada ya kuzoa ndipo tunaosha, kwa maji machache. Mzee anamtembeza mbwa nje kabla ya kwenda kazini, na siku akiwahi meli, kijana wake anashika zamu. Ule mchanga wa nyuma tuliuchimba tukautoa wote, mfereji tukauzibua, na matawi ya mwembe tukayapunguza jua liingie. Watoto wanavaa ndala. Mbwa anapewa dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na ameshachanjwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao karibu kila binadamu anayekufa nao ameupata kwa mbwa. Gharama tunachangia kipangu kizima, kwa kuwa analinda kipangu kizima.

Wapo wanaosema dawa ni kufukuza mbwa. Wezi wa pikipiki bado wapo, na mbwa hana kosa katika habari hii. Sheria iliyoanza kutumika New York mwaka 1978 haikuwafukuza mbwa wa mji ule; ilimtaka mwenye mbwa azoe kinyesi chake njiani. Kwetu Asiatique hatuhitaji kungoja polisi au mkuu wa mtaa atuamrishe hayo. Wanahitajika watu wanaosemezana. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji huu yanavutwa kutoka Ziwa Tanganyika, na mifereji yetu inarudi huko huko, uchafu unaousukuma kwa maji leo haujaenda mbali nawe.

Wewe unayeishi kwenye kipangu chenye mbwa, wako au wa jirani, nakusihi mambo mawili. Kinyesi kizoe, usikimwagie maji. Na siku ya kwanza utakapokikuta, mgongee mwenye mbwa mlango umwambie kwa adabu, yeye mwenyewe, kabla hujamwambia mwingine yeyote. Dakika tano za aibu zingemwepusha mtoto yule na maumivu yale yote, na dakika hizo nilikuwa nazo kila siku.