Gari la Biashara Likishika Kutu: Tuliyojifunza Maisaka

Leo mtuvumilie kidogo, hatuna hina, hatuna singo wala mishono mipya ya gauni la nikaha. Leo tunazungumzia kutu ya gari. Tumeona tuiandike kwa sababu dada wengi siku hizi wana gari la kuzungushia biashara, na mabibi harusi wengine wanazawadiwa gari lililokwishatumika, mashaAllah. Injini inaweza kuwa nzima kabisa, inawaka kwa mkupuo mmoja, huku bodi inaliwa kimya kimya.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja. Tuna duka la kushona na kukodisha magauni ya harusi hapa Maisaka, Babati mjini, mkoani Manyara. Gari letu ni Noah ya zamani, tuliyoinunua kwa familia moja ya Tanga iliyokuwa ikiishi karibu na bahari. Linaleta vitambaa kutoka Arusha, linapeleka magauni Magugu, Kondoa na Singida, na siku ya harusi linabeba somo, mashoga na masanduku. Bila gari hilo tunarudi kwenye basi na bodaboda, na gauni jeupe la bibi harusi halipandi bodaboda.

Kutu inatoka wapi?

Nyinyi wa Unguja na Pemba mnaijua kutu kuliko sisi. Mnajua bati la nyumba ya ufukweni linavyobadilika rangi mapema kuliko la nyumba ya shamba. Chuma kikikutana na maji na hewa huanza kugeuka kutu, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana gari lililolala miaka mingi upande wa bahari huwa limeshaonja chumvi hata kama kwa nje linang'aa. Hata huko Japani yanakotoka magari yetu mengi, kuna mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari la huko linaweza kufika bandarini Dar es Salaam tayari lina kutu chini ya tumbo.

Huku kwetu hakuna bahari, ila kuna tope. Mvua zikinyesha, tope la barabara za mtaani linaingia ndani ya matao ya matairi, linakauka kwa juu na kubaki bichi ndani. Ni sawa na kulivalisha chuma nguo mbichi siku nzima.

Kuna jambo jingine tulilielezwa na fundi, nalo limetusaidia sana. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo inasukuma rangi kutoka chini, rangi inavimba kama malengelenge. Ukiona lengelenge moja dogo kwa nje, jua kazi ya ndani imeanza zamani.

Malengelenge ya mlangoni

Letu lilionekana masika yaliyopita, chini ya ule mlango wa pembeni unaosukumwa, kisha jingine juu ya tairi la nyuma. Tukatafuta mafundi wawili. Wa kwanza alisema atakwangua kidogo, ajaze pati, apige rangi, siku mbili gari liko tayari. Alitaka laki moja na nusu. Wa pili alilala chini, akagonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma, akatuambia tusikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Yeye alitaka laki sita na nusu na zaidi ya wiki moja, kwa sababu pa kuoza patakatwa na kuchomelewa bati jipya.

Laki sita na nusu tulikuwa nazo. Zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya mashine ya ovaloki, na msimu wa harusi za baada ya Idi ulikuwa unakaribia.

Wakati huohuo akatokea mzee mmoja mwenye binti anayeolewa Mfungo Mosi. Alitaka kumnunulia gari aendeshee biashara yake ya mapambo, na Noah yetu ilimvutia. Alitaja milioni saba. Yule fundi wa pati akatwambia, "Dada zangu, nipeni siku mbili tu, mzee hataona kitu." Hapo sisi wenyewe hatukuwa kauli moja. Mmoja wetu alisema gari kuukuu kila mtu anajua ni kuukuu, mnunuzi alete fundi wake aangalie. Mwingine alisema kunyamaza ni kitu kimoja, na kupaka rangi ili asione ni kitu kingine. Tulikaa usiku mzima tukihesabu. Milioni saba ingetupatia gari changa zaidi kwa kuongezea kidogo, na mashine tungenunua.

Kilichotupatanisha ni kisa mnachokijua nyote, kilichopokewa na Abu Hurayra katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka hicho kilicholowa juu ili watu wakione, kisha likafuata onyo kali kwa wanaoghushi. Wanazuoni wa fiqhi wanaiita kasoro ya bidhaa aibu, neno lile lile tunalolitumia kwa fedheha. Rangi mpya juu ya kutu ni ngano kavu juu ya ngano mbichi.

Mzee alipokuja tulimwamkia, tukamkaribisha chai, kisha tukamwonyesha malengelenge yote mawili na kumgongea asikie. Alinyamaza kidogo akasema, "Wanangu, mngelipaka rangi nisingejua." Akatuombea kheri, akaondoka. Hakurudi. Tunalisema hili ili asije mtu akadhani ukisema kweli siku hiyohiyo unalipwa. Sisi tulibaki na gari letu na kutu yetu, na mashine ya ovaloki ikabaki dukani kwa mwenyewe.

Kiraka kinashika penye uzima

Tukampa gari fundi wa pili. Alipoanza kukata, kale kashimo ka ukubwa wa shilingi kakafunguka hadi futi moja nzima, pale pale watu wanapokanyaga wakipanda. Hapo ndipo bibi harusi anapoweka mguu, mkono mmoja ameshika gauni, mwingine amemshika somo wake. Bati la juu lilikuwa jembamba kama karatasi. Tulitazamana tu. Tukamfikiria na yule binti wa mzee na masanduku yake ya mapambo.

Kazi yenyewe sisi mafundi cherehani tuliielewa upesi. Nguo ikioza huwezi kushona kiraka kwenye ukingo uliooza, uzi utachana. Unakata mpaka ufike kwenye kitambaa kizima, ndipo unashona. Bati ni hivyo hivyo. Ukichomelea kwenye chuma kilicholiwa, moto unatoboa. Na pati haina nguvu ya kubeba kitu, kazi yake ni kusawazisha uso. Ukiijaza kwenye shimo, inavuta unyevu kwa nyuma, na masika yajayo malengelenge yanarudi yakiwa makubwa zaidi.

Kwa msimu ule magauni yetu tulipeleka ovaloki kwa jirani, tukamlipa kwa kila gauni. Faida ilipungua, harusi zilifanyika, alhamdulillah.

Dada, fanya hivi

1. Osha gari chini pia, hasa ndani ya matao ya matairi, na ukitoka safari ya tope usiliache likalala nalo.

2. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vikiziba, maji yanakaa ndani ya mlango. Vizibue kwa kijiti cha ufagio.

3. Inua mazulia ya ndani mara kwa mara. Zulia bichi linaozesha sakafu ya gari bila wewe kujua.

4. Kutu ya juu juu, ambayo chuma bado kigumu, isikusubirishe. Inakwanguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, na ukwangue kupita mpaka wa kutu. Ipakwe dawa ya kutu, ikauke, ije praimari, kisha rangi, mwisho vanishi ya juu. Anayekwangua avae barakoa na miwani. Kazi hii ifanyike siku kavu, kwani rangi juu ya unyevu ni kuikaribisha kutu upya.

5. Penye shimo, dai kukatwa na kuchomelewa. Kabla ya moto, betri ifunguliwe, viti, mazulia na nguo zitolewe, na fundi ajue tangi la mafuta liko wapi. Vitambaa vya harusi vinashika moto upesi mno.

6. Baada ya kuchomelea, upande wa ndani usiokuonekana upuliziwe kinga, kama nta au grisi maalumu. Wengi wanasahau hapa kwa sababu hapaonekani, na ndipo kutu inapoanza tena.

7. Rangi nzito ya kuzuia kutu chini ya gari ipakwe juu ya chuma safi na kikavu tu. Ukiipaka juu ya tope na kutu, umeifungia kutu ndani.

Na mkitaka kununua gari, au baba anataka kuwazawadia, nendeni mchana. Angalieni chini ya milango, ukingo wa matao, pembeni mwa kioo cha mbele, na chini ya zulia la buti. Gongeni, msikilize. Sehemu moja ikiwa mpya kuliko nyingine, ulizeni kwa adabu ilipakwa lini na kwa nini. Kuuliza ni haki yenu, wala si utovu wa adabu.

La mwisho, kwa wenye magauni. Doa la kutu likigusa gauni jeupe, msikimbilie jiki, inalikaza. Kwenye pamba tumieni limau na chumvi, anikeni juani, kisha suuzeni vizuri. Jaribuni kwanza kwenye upindo wa ndani. Hariri mpelekeeni anayeijua. Na pini za kubania shela zisilale kwenye nguo usiku, nazo zinashika kutu.

Noah yetu bado ipo Maisaka. Pale penye bati jipya rangi haikulingana sawasawa na ya zamani, ukisimama karibu unaona mstari. Tumeuacha vile vile. Anayekuja kulikodi akituuliza, tunamwambia hapo palioza, pakakatwa, pamechomelewa bati jipya, kanyaga bila wasiwasi.

Mabibi harusi wetu, tunawaombea nyumba zenye kusema kweli. Kasoro zitakuwepo, hakuna nyumba isiyonyeshewa. Zisemwe mapema zikiwa bado ndogo, kabla hazijafika kwenye chuma. Allah atujaalie riziki ya halali yenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.