Ndege Nne kwa Mkono Mmoja



Wasomaji wetu watukufu, katika maswali yanayotufikia kutoka kwa akina mama, liko moja linalorudi kila zikaribiapo likizo za shule. Mtoto amependa kitu, amekishika usiku na mchana, na wazazi hawajui wamwache au wamkataze. Safari hii swali limetoka bara, mbali na bahari: Kiriaini, katika kaunti ya Murang'a, kwenye njia ya kuelekea Othaya na Nyeri, mahali pa chai, mabonde na ukungu. Mwulizaji ni binti yetu wa Mombasa aliyeolewa huko na Mkikuyu aliyesilimu. Mwana wao wa kwanza, mwenye miaka 15, huunda ndege ndogo za plastiki na kuzipaka rangi, wala si moja baada ya moja, bali nne kwa pamoja. Mama alitaka kujua mambo mawili. Je, ndege hizo haziingii katika masanamu yaliyokatazwa? Na afanyeje, maana mavyaa wake, ambaye si Mwislamu lakini ndiye mkubwa wa nyumba ile, amekataa kuketi katika chumba zilimotundikwa?

Tulikuwa na safari ya Nyeri, tukapita kwao, tukakaa siku mbili. Wenyewe wameridhia tuyaandike haya bila ya kuwataja majina.

Tuanze na la kwanza, kwani ni jepesi. Lugha yetu imewapa jina moja kiumbe na chombo, lakini haikuwachanganya: husema ndege amekufa, na ndege imeharibika. Sheria nayo imetenganisha kilicho na roho na kisicho na roho. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja aliyekuwa akila kwa kazi ya kuchora alimwendea Ibn Abbas, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake na baba yake, naye baada ya kumwonya alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Na katika Abu Dawud tunasoma kwamba Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, katikati yake farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Alipoulizwa na Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alimkumbusha habari za farasi wa Nabii Suleiman, naye akacheka. Basi chombo cha plastiki, kisicho macho wala moyo, hakina haja ya kumnyima mama usingizi. Linalobaki ni lile linalotazamwa katika kila halali: kisile Swala, kisile mali kwa israfu, kisidhuru mwili.

Huyo mama tulimkuta ameshaweka masharti yake mwenyewe. Gundi inayotumika ina harufu kali na hushika moto upesi, kwa hiyo dirisha huwa wazi, wadogo hawaingii, na hakuna kukausha kitu karibu na jiko, hata baridi iwe kali namna gani. Ama Swala, kijana amejifunza kupaka tabaka la rangi muda mfupi kabla ya adhana, ili rangi ikauke yeye akiwa kwenye mswala. Kazi yenyewe imemfunza saa.

Na kazi hii ina saa nyingi za kungoja. Vipande huja vimeshikana kwenye viunzi vya plastiki kama karafuu kwenye kikonyo. Huvitenga kwa koleo ndogo, huvipiga msasa, kisha huviunga kwa gundi inayoyeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kimoja. Bawa lililoungwa leo huachwa hadi kesho. Halafu hufuata rangi, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, kwani rangi nzito ya mara moja huchuruzika na kufukia mistari yote. Alama na namba huloweshwa majini mpaka ziteleze kutoka kwenye karatasi yake, zikalazwa mahali pake kwa ncha ya brashi. Mwisho ni vanishi. Kwa ukungu wa Kiriaini, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, rangi hukawia kukauka, na vanishi ikipakwa siku ya unyevu huweza kugeuka nyeupe kama iliyomwagiwa maziwa.

Kwa hiyo mwenye kuunda ndege moja hutumia sehemu kubwa ya siku zake akitazama kitu kinachokauka. Mwenye nne, moja ikikauka, huipiga msasa ya pili na kuunga ya tatu. Na akichanganya rangi ya fedha, huipaka kwenye zote zinazoihitaji kwa kikao kimoja, akaosha brashi mara moja.

Baba yake alimwambia maneno ya wazee wetu, kwamba mshika mawili, moja humponyoka. Hofu hiyo ina msingi, kwani wengi huanza mengi na wasimalize hata moja. Lakini tuliangalia meza ya kijana huyo. Kila ndege ina kifuniko chake cha ndoo ya mafuta ya kupikia, na kipande hakitoki kwenye kifuniko kile ila kwenda mahali pake. Tena juu ya kabati viko visanduku vitatu alivyoletewa na mjomba wake kutoka Uingereza, havijafunguliwa. Amejiwekea kwamba hafungui kipya mpaka moja ya zile nne imalizike. Akina mama mnalijua jambo hili kuliko sisi: unga wa mahamri unaumuka, mbaazi ziko motoni, nazi inakunwa, na mtoto yuko mgongoni, wala hakuna kilichokuponyoka, kwa sababu kila kimoja umekipa zamu yake.

Sasa tuje kwenye la pili, nalo ndilo zito.

Ndege zile nne kijana hakuziokota tu. Alizichagua baada ya somo la historia shuleni. Ya kwanza ni Dakota, aina iliyotumiwa na shirika la East African Airways kusafirisha watu. Ya pili ni Harvard, ambayo asili yake ni ndege ya kufundishia marubani. Hali ya Hatari ilitangazwa nchini Kenya Oktoba 1952, na mwaka 1953 Jeshi la Anga la Uingereza lilileta Harvard zikawekwa Mweiga, karibu na Nyeri. Zilifungwa bunduki na mabomu madogo ya kilo zipatazo 9, zikawapiga wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mwishoni mwa mwaka huo zikaja Lincoln zenye injini nne, zikiruka kutoka Eastleigh, Nairobi, na mabomu makubwa zaidi, na mashambulizi hayo yakaendelea hadi 1955. Kijana alikosa kisanduku cha Lincoln, akachukua Lancaster, kwani Lincoln ilitokana nayo. Hiyo ndiyo ya tatu. Ya nne ni Auster, ndege ndogo nyepesi. Baadhi yake zilifungwa vipaza sauti, zikazunguka juu ya miti zikiwaita walio msituni, kwa lugha yao, watoke wajisalimishe.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, huko Uingereza, kampuni ya Airfix ilikuwa ikianza kuwauzia watoto ndege za plastiki za kuunga. Kipimo kilichoenea ni cha moja kwa 72: mtu wa futi 6 huwa inchi 1. Harvard, ambayo mabawa yake hupata mita 12.8 kutoka ncha hadi ncha, huwa haifikii sentimita 18, ikalala kwenye kiganja. Lancaster ya mita 31 huwa sentimita 43. Kijana ana hesabu hizi kichwani kama anavyohifadhi Juzuu Amma.

Bibi yake, ambaye yeye humwita Cucu, alikuwa msichana wa miaka kumi hivi ndege hizo zilipokuwa zikipita juu ya Murang'a. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja wa nchi ile, ikawaweka katika vijiji vilivyozungushiwa ua na walinzi, na akina mama wakapelekwa kuchimba handaki kwenye ukingo wa msitu ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Bibi alikulia katika kijiji kimoja cha namna hiyo. Kaka yake mkubwa aliingia msituni, hakurudi, wala halijulikani kaburi lake. Kijana hakuwa na habari hiyo. Hata baba yake alikuwa na jina la mjomba huyo tu.

Kijana alitaka rangi iliyo sahihi. Akamwuliza: "Cucu, Harvard zilikuwa na rangi gani?"

Bibi akajibu: "Hatukutazama rangi, mjukuu wangu. Tukisikia mlio tulitazama mama yuko wapi."

Harvard ina mlio wa kukwaruza unaosikika mbali, kwa sababu ncha za rafadha yake huzunguka kwa kasi inayokaribia mwendo wa sauti. Na Harvard ya kijana ilikuwa imening'inizwa kwa uzi darini, juu ya kiti alichozoea kuketi Bibi. Siku ile aliondoka chumbani, asirudi. Kijana akataka kuivunja. Mama akataka kuzitupa zote. Baba akanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikozoeleka katika nyumba nyingi za kule kila yatajwapo mambo ya miaka ile.

Tuliwaambia hivi. Halali ni ruhusa, si amri. Mtu anaweza kuiacha halali kwa ajili ya moyo wa mzazi, na akalipwa kwa kuiacha. Wala wema huo hauzuiwi na tofauti ya dini. Katika Sura Luqman tumeamrishwa kukaa na wazazi kwa wema katika mambo ya dunia hata kama hawako nasi katika imani, na Asma binti Abubakar aliamrishwa na Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, amuunge mama yake aliyekuwa mshirikina. Kwa hiyo haki ya Bibi ilikuwa mbele ya ndege zote. Lakini katika nyumba ile kila mtu alikuwa amekwisha kuamua Bibi anataka nini, wala hapakuwa na aliyemwuliza.

Basi akaulizwa na mkewe mwana, kwa adabu, baada ya chai ya jioni. Jibu lake lilikuwa fupi: "Ishushwe. Ikiwa chini siiogopi."

Uzi ukakatwa jioni ile ile. Harvard ikasimama kwa magurudumu yake kwenye rafu ya chini, karibu na mlango. Bibi akarudi kitini pake. Baadaye akaomba apewe ile ndogo, akaigeuza geuza, akasema, "Hii ndiyo iliyokuwa ikisema." Kisha akaanza kuhadithia, nasi tukimfuata kwa tafsiri ya binti yetu, mpaka wakati wa Isha. Alimhadithia mwanawe habari za mjomba wake: namna alivyokuwa akicheka, shati aliloondoka nalo, na jinsi mama yao alivyokuwa akisikiliza sauti itokayo angani, akitamani kijana wake atoke na akiogopa atakapotoka. Baba mwenye miaka hamsini na kitu alisikia hayo kwa mara ya kwanza.

Kijana alitaka kuweka mtu mdogo kando ya Harvard, ili mwenye kutazama ajue ukubwa wake. Akatuuliza kama inafaa. Tukamwambia sanamu ya mtu haina haja. Akafanya hesabu yake: mtoto wa futi 4, kwa kipimo kile, ni sentimita 1.7. Tulikuwa tumewachukulia tende kutoka Mombasa. Akaosha kokwa moja, akaisimamisha kando ya bawa. Huo ndio urefu wa Cucu wake siku zile. Lancaster ingali kwenye kifuniko chake bila rangi, na ameniambia baba yake kwamba kijana hana haraka nayo.

Ndugu zetu, tukiulizwa juu ya jambo la mtoto, tumezoea kutafuta hukumu, tukiipata tukafunga kitabu. Hukumu ni mlango wa kwanza. Nyuma yake kuna watu wanaoishi chini ya paa moja, na furaha ya mmoja huweza kugusa jeraha la mwingine bila ya yeyote kukusudia. Msiharakishe kuvunja wala kutupa. Mwulizeni mwenye jeraha anataka nini, kwani huenda anachokitaka ni kidogo kuliko mnavyodhani. Na wazee wetu wa bara na wa pwani waulizeni wangali hai, kwa maana wengi wamebeba mambo wanayongoja kuulizwa.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, na awarehemu waliotutangulia. Wabillahi tawfiq.