Ubeti wa Saba

Asubuhi za Kwamkoro ukungu ulikuwa ukitanda juu ya chai mpaka ukasikia sauti ya mchumaji kabla hujaliona kapu lake. Humo ndimo mama alimotunga mashairi. Alihesabu mizani kwa vidole vinne vya kila mkono: vinane kwa kipande, mara mbili kwa mshororo. Gumba hakulihesabu. Gumba lilikuwa la kuchumia, majani mawili na kichipukizi, nalo lilikuwa jeusi kwa utomvu hata siku ya Idi.

Mizani nyingine ilikuwa ya karani. Kapu lilitundikwa, kilo zikasomwa, ikaandikwa namba. Kwa karani mama alikuwa namba. Kwa majirani alikuwa Mama Fulani, na fulani huyo ni mimi. Jina alilopewa na babu nililisikia misibani tu, kwa wajomba.

Mwaka 1983, nikiwa darasa la sita, alinitajia beti saba niziandike. Zilisema majani hupimwa, ila mgongo ulioyabeba haupimwi. Gazeti lilikuwa likipokea beti sita. Nikaukata wa saba, ule wa tamati, alimojitaja jina kama wafanyavyo malenga. Chini nikaweka jina langu na la shule. Kwa akili zangu za wakati ule, mwenye kalamu ndiye mtunzi.

Shairi lilipochapwa nikamsomea. Alifuata kwa vidole hadi ubeti wa sita, kisha mkono ukabaki hewani, kama anayesubiri chenji dukani.

"Limekwisha?"

"Limekwisha, mama."

Akainuka kwenda kuchochea moto.

Sekondari ndiko nilikokutana na Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858. Wapo wanaoukunjia uso kwa jinsi unavyomfunza mke kumtii mume. Siwalaumu. Lakini mimi kila nikiufungua naona kwanza kwamba jina lake limefika. Siti binti Saad naye alizaliwa akaitwa Mtumwa. Akaimba mpaka jina likabadilika, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay kwenye santuri. Maisha yake, hata hivyo, wengi tumeyasoma kwa kalamu ya Shaaban Robert, mwanamume wa Tanga kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye jina la mwenyewe aliliweka juu ya jalada.

Siku hizi binti yangu anatunga na kubandika mashairi mtandaoni, picha yake na majina yake matatu yakiwa pale pale. Hata matusi anayapokea kwa majina hayo.

Mama hayupo tena. Mwaka jana nilipanda Kwamkoro na kile kipande cha gazeti, manjano kama jani la mgomba lililokauka. Beti sita ninazo. Wa saba ulishanitoka zamani, nimebaki na kina chake tu. Nikamtafuta bibi mmoja aliyekuwa akichuma mstari mmoja na mama. Nikamwamkia, nikaeleza shida yangu.

"Ule wa mwisho? Ndio tuliouimba kuliko yote, mwanangu. Ila kila mtu alitia jina lake."

Jina la mama lilikuwa na mizani tatu, la kwake lina nne. Akawa anaimeza moja ili wimbo usivunjike. Akaimba taratibu, vidole vikikunjika kimoja kimoja. Nikaandika kama alivyoimba, jina lake likiwemo.