Daftari la Jaji Bracton

Jumapili, 4 Mei 2025

Nimemrudia Henry de Bracton. Chuoni tulimjua kwa wazo moja tu: kwamba mfalme hana binadamu aliye juu yake, ila Mungu na sheria wako juu yake. Tulilikariri, tukalijibia mtihani, basi. Edward Coke naye alilitumia mwanzoni mwa karne ya 17 kumkabili Mfalme James wa Kwanza, na tangu hapo Bracton amekuwa mtu wa kunukuliwa kuliko mtu wa kusomwa.

Alizaliwa Devon karibu mwaka 1210, akawa kasisi, kisha jaji wa Mfalme Henry wa Tatu. Alifariki 1268 na kuzikwa katika kanisa kuu la Exeter.

Kinachonishika mimi ni uchungu ulio mwanzoni mwa kile kitabu kikubwa cha Kilatini kuhusu sheria na desturi za Uingereza. Analalamika kwamba watu wasiojua kitu wanakalia kiti cha hukumu kabla hawajajifunza, halafu wanaamua wapendavyo. Dawa aliyoiona ni kurudi kwenye hukumu za wazee wawili waliomtangulia, Martin wa Pateshull na William wa Raleigh. Huyo Raleigh ndiye aliyemlea kikazi, kwani Bracton alianza kama karani wake.

Jumanne, 6 Mei

Leo baraza la ardhi limekwenda kuona eneo la mgogoro. Mteja wangu ni mama mjane. Mstari wa masale unaotenganisha shamba lake na la jirani umekatika katikati. Pale yalipokuwapo kuna mashimo mapya na migomba michanga. Jirani anadai eneo lile lilikuwa la babu yake. Huenda ni kweli. Lakini aliingia usiku, bila kumwita mwenyekiti wa kitongoji, bila hukumu ya mtu yeyote.

Bracton anatumia kurasa nyingi mno kwa shauri la namna hii, na sasa naelewa kwa nini. Tangu zama za Mfalme Henry wa Pili, aliyenyang'anywa ardhi karibuni aliweza kupata hati ya mfalme. Majirani 12 walikwenda kwanza kuiona ardhi yenyewe, kisha wakaulizwa: je, huyu alimwondoa yule isivyo haki na bila hukumu? Hawakuulizwa ardhi ilikuwa ya babu wa nani. Hata mwenye mali halali, kama yupo palepale, alikuwa na siku 4 tu za kumtoa mvamizi kwa nguvu zake. Zikipita, ni lazima aende mahakamani, na akitumia mabavu ardhi inarudishwa kwanza kwa aliyetolewa. Hoja ya haki ya asili inangoja zamu yake.

Sheria ya Kiingereza ililetwa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pamoja na mazuri na mabaya yake. Na ubaya upo kwa Bracton mwenyewe. Kwake binadamu ni ama huru ama mtumwa, na mtwana aliyelima ardhi ya bwana maisha yake yote hakuwa na hati ya kumshtakia bwana huyo akifukuzwa. Mjane wangu angezaliwa upande usiofaa wa mstari ule, kurasa zote zile zisingemfaa kitu.

Ijumaa, 9 Mei

Mwaka 1884 mwanahistoria Mrusi, Paul Vinogradoff, alikuta katika British Museum mkusanyo wa mashauri karibu 2,000, yaliyonakiliwa kutoka kwenye kumbukumbu za mahakama ya mfalme. Pembeni kulikuwa na maelezo mafupi. Alipolinganisha, aliona mashauri yaliyowekewa maelezo yanafuatana na yale yaliyotumika kitabuni. Akasema: hili ni daftari la Bracton. Frederic Maitland alikubali, akaliandaa, na mwaka 1887 likatoka katika juzuu 3.

Nafikiria kazi ile. Kumbukumbu zilikuwa ngozi za kondoo zilizoshonwa pamoja, maandishi yamebanana, Kilatini kimekatwakatwa. Mahakamani mawakili walibishana kwa Kifaransa, na mkulima mwenye shauri alijua Kiingereza tu. Siku ile ya Jumanne mjane wangu alifuata kila neno, akamsahihisha shahidi mwenyewe kwa Kiswahili. Tangu 2021 sheria inataka iwe hivyo, na ningependa isirudi nyuma kamwe.

Jumamosi, 17 Mei

Mpwa wangu anayesoma sheria amekuja. Ameshasoma hoja ya Samuel Thorne, aliyehariri na kutafsiri kitabu hicho kati ya 1968 na 1977: kwamba sehemu kubwa iliandikwa miaka ya 1220 na 1230, kwenye kundi la kina Raleigh, na Bracton aliipokea tu akaiongezea.

"Sasa mjomba, kama si chake, mbona unamsumbukia hivi?"

Nimemwambia naiona hoja ya Thorne kuwa na nguvu, na kwangu haimpunguzii kitu. Hukumu za wazee zilimfikia naye akazitunza, akazilinganisha, akazifanyia kazi. Mwaka 1258 aliamriwa azirudishe zile kumbukumbu hazina. Kitabu hakikumalizika.

Jumatatu kijana anaanza mafunzo ofisini kwangu. Nitampa hukumu tatu za rufani za ardhi. Azinakili kwa mkono, na pembeni ya kila moja aandike ni jambo gani hasa lililomfanya jaji aamue vile.